Mifupa Myeusi

Jengo letu la Themi lina milango miwili.
Wa mashariki unatazama chuo,
wa magharibi unatazama kiwanda cha vichujio,
katikati nimekaa mimi na daftari
na kalamu iliyofungwa uzi,
maana wasomi nao huiba kalamu.

Hati ya makubaliano ina kurasa kumi na tisa.
Imetaja mashine, bima, siri za biashara,
nani atamiliki kitakachovumbuliwa,
hata nani atafagia.
Imesahau dizeli.
Kwa hiyo umeme ukikatika
chuo hukitazama kiwanda, kiwanda hukitazama chuo,
na jenereta linatutazama sote, kimya,
kama mgeni ambaye hajawekewa chai.

Elirehema alikuja na tanuri dogo,
ukubwa wa redio ya zamani.
Mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni,
gramu mia, gramu mia,
nyuzi mia nne, mia tano, mia sita,
kisha anapitisha maji ya Meru juu ya ule mkaa
na kungoja kisindano kimwambie
floridi imebaki kiasi gani.
Miezi saba. Majedwali yamefunika ukuta.
Kila Ijumaa meneja Pallangyo huchungulia:
"Binti, watu wanauliza. Tunauza lini?"
"Nikishachapisha."
"Unachapisha nini, kanga?"

Ndipo kiwanda kikamleta Anaeli Nnko,
mchomaji wa tanuri kubwa, lile la matofali.
Aliingia kofia mkononi, kama aingiaye benki.
Alicheka mara moja, akawahi kuziba mdomo,
lakini tulikwisha yaona:
meno ya kahawia, yenye madoa,
meno aliyopewa na mto wa kwao.

Akasimama mbele ya kile kitanuri.
Namba hakuzitazama. Akavuta pumzi.
"Umepita. Zima."
Kioo kilisema mia nne na themanini.
"Bado kidogo," akasema Elirehema.
"Dada, kioo chako kinaota. Mfupa unanuka chaki."

Walipofungua, ulikuwa mweupe pe.
"Huu umekwenda," akasema Anaeli.
"Mweusi ndio unaokamata.
Mweupe ni mlinzi aliyelala, kila kitu kinapita."

Angeweza kuudhika. Nimewaona wakiudhika.
Yeye alikuja kwangu akaazima kipimajoto kingine,
akakifunga sambamba na cha kwanza,
na usiku ule nikabaki nao, maana funguo ninazo mimi.
Tofauti: nyuzi sitini na mbili.
Miezi saba ukutani, na nyuzi sitini na mbili.
Hakulia. Alipindua ndoo akaikalia.
"Nifundishe harufu," akasema.
Na yule bwana, baada ya kimya kirefu:
"Nawe nifundishe kile kisindano.
Pua yangu inajua mfupa. Maji haiyajui."

Umeme ulikatika saa tano.
Anaeli akatoka, akarudi na dumu.
Niliandika: dizeli, lita tano,
na mahali pa mlipaji nikaacha wazi.

Sasa mkaa unatoka mweusi kama usiku wa Januari mosi
watu wakishalala,
na wanasheria wamekuja kwa milango yote miwili.
Kiwanda kinasema ujuzi wa Nnko ni mali ya kiwanda.
Chuo kinasema umepimwa hapa, basi ni takwimu za chuo.
Nyongeza ya kurasa nne
wakigombania pua ya mtu mzima,
na mwenye pua yuko nje anakula muhindi.

Mimi makala siandiki.
Naandika nani kaingia, saa ngapi, katoka wapi.
Safu ya tatu imepigwa chapa: TAASISI.
Wengine hujaza Chuo, wengine Kampuni.
Leo asubuhi Anaeli amejaza,
kwa herufi kubwa zilizolala upande,
NGARENANYUKI,
na chini yake Elirehema, mzaliwa wa Machame,
ameweka vile vialama viwili
vya kusema: kama hapo juu.

Nimeacha hivyo.
Dizeli imebaki robo dumu.