Moto Usioonekana Mchana

Mikebe miwili ya soda, mitupu, imesuuzwa,
imekaa juu ya gazeti la jana
kwenye meza ya jikoni, ghorofa ya tatu, Paisley.
Mvua inagonga dirisha kama mdai wa kodi.
Mwanamvua yuko zamu ya usiku hospitalini,
na mkasi wake wa kushonea,
ambao hata karatasi haujawahi kuionja,
leo unakata bati.
(Mke wangu, ukifika hapa, ruka mstari.)

Napima vidole viwili toka kitakoni,
nazungusha kalamu, nafuata wino.
Bati hili si bati, ni utando wa kitunguu:
linalia kwii, linabinua mdomo,
na dole gumba langu linatoa sadaka ya kwanza.
Khatibu anacheka bila kuinua macho kwenye simu.

Pini ni za Bi Morag wa chini.
Aliuliza za nini, nikamwambia.
Akasema marehemu wake alikuwa na wazimu huohuo,
akanipa tatu, maana, alisema, moja utaivunja.
Nimevunja mbili.

Tundu kumi na sita, duara, ukingoni,
ndogo kama za hereni za mtoto mchanga.
Kisha kitako kiingie ndani ya kitako,
na hapo ndipo penye kazi. Kinagoma. Kinachanika.
Mkebe wa tatu. Wa nne.
Haba na haba, naam,
ila haba zangu zimejaza pipa la taka.

Saa tano usiku kikakubali: tk.
Jiko linaloenea kiganjani,
jepesi kuliko barua.

Baba yangu alitengeneza koroboi kwa mikebe ya maziwa,
akauza, akanilipia ada
ili mimi nisishike bati.
Simwambii Khatibu. Hajauliza.

*

Jumamosi, Glen Tilt, kando ya mto.
Maji ya huku yana rangi ya chai
kabla hujatia majani.
Usubi umetupokea kama jamaa wa siku nyingi,
masikioni, puani, ndani ya soksi.
Natoa henga ya nguo niliyoikunja ikawa mafiga,
natoa chupa ya spiriti, zambarau kama kanzu ya askofu,
namimina kifuniko kimoja na nusu,
nawasha kibiriti.

Hakuna kitu.

Nawasha cha pili. Khatibu anapiga miayo.
Napeleka kiganja juu, narudisha mbio:
upo. Moto upo, jua limeumeza rangi,
imebaki hewa tu inayotetema juu ya mkebe
kama kidevu cha mtu anayezuia kilio.

Dakika ya sita sufuria ikaanza kunong'ona.
Ya nane, kimya.
Nikasema kimoyomoyo, umekwisha, ni mdogo, una haki.
Nikafungua chupa. Nikainama.

Mkono ukanidaka kifundoni.
"Bado kuwaka, baba."

Kwa Kiswahili. Lugha anayoiacha mlangoni
pamoja na viatu vyangu na vya mama yake.
Ningemimina, moto ungepanda ule uzi wa zambarau
hadi chupani, hadi usoni.
Yeye aliuonaje? Alikuwa amelala kifudifudi,
shavu kwenye nyasi, akitazama mbuyu wa mvuke,
hapana, sikumbuki alivyouita,
alichora kitu hewani kwa kidole.

Bado kuwaka.
Sikusahihisha.

Tukakaa pande mbili za jiko la kopo,
tukingoja kitu tusichokiona kizimike,
mimi mkono wangu bado mkononi mwake,
mpaka usubi ukamshinda, akauachia, akajikuna.

Chai ilinuka spiriti.
Tangawizi niliisahau Paisley.
Tuliimaliza yote.