Ofisini Rushere, Nikisubiri Malipo ya Maziwa

Mhasibu kasema ningoje, mtandao umelala.
Nimeketi mbele ya picha ya rangi za mafuta
ambayo kila tarehe tano huwa naipa kisogo.
Leo benchi limegeuzwa.

Kilima ni chetu. Nakijua kwa kile kichuguu chenye nundu
na bonde linalopinda kama mkono uliowahi kuvunjika.
Mengine sikuyakuta:
hakuna seng'enge, hakuna mikaratusi,
hakuna mgomba hata mmoja pale lilipo shamba langu,
nyasi tu, rangi ya simba, mpaka mbinguni,
na ng'ombe kumi na wawili,
bihogo mwekundu kama udongo ulionyeshewa,
gaaju, ngabo mwenye mabaka,
pembe zao ndefu hata fremu ikazikata.

Nasi tulizikata, baadaye, kwa chuma cha moto.
Daktari wa mifugo alisema zinakula nafasi bandani.
Harufu ile haina mchoraji.

Mchungaji hayumo.
Ipo fimbo, imeegemezwa kwenye mgunga,
kana kwamba mwenyewe ameitwa mara moja.
Babu Katungwensi alinisimulia akicheka, nisimwamini:
mzungu wa turubai alimwambia sogea,
unaniharibia mandhari,
kisha akampa mwavuli amkinge jua,
asimame nyuma yake, siku tatu, kwa kilo ya chumvi.

Sasa nayaangalia macho ya ng'ombe.
Yote, hata ya ndama aliyeinua mkia,
yanatazama huku, nje ya picha,
juu kidogo ya bega la mchoraji.
Wanamtazama yeye
na mwavuli wake wa kuazima.
Miaka sitini na kitu
hakuna aliyewaambia waende kunywa maji.

Nyumbani nina Frizia sita, namba masikioni kama hereni.
Walitoka kwenye mrija, mrija ukatoka kwenye mtungi wa barafu;
baba yao hajakanyaga Uganda.
Mmoja hujaza kwa siku ndoo
ambayo bihogo angeijaza kwa wiki. Sisemi uongo:
ada ya Kemigisha imo humo, na bati, na simu hii.
Siwalilii wa zamani.

Ila chumba kilipobaki kitupu
nilisimama, nikabana midomo,
nikapiga mluzi wa kisimani,
ule wa chini, wa kushuka.

Mhasibu akachungulia. Mtandao umerudi.
Lita elfu moja na arobaini, weka sahihi hapa.
Nikaweka, nimewapa kisogo,
na shingo yangu ikijua wanatazama.