Kumsogeza Murmani

Bi Zhuzhuna alikuja Jumanne, theluji mabegani,
picha kaitia ndani ya bahasha ya duka la dawa.
Ni Kutaisi, ngazi za nyuma ya soko,
chumba changu: kompyuta, skana, hita inayokohoa.
"Wanangu," akasema. "Otari huyu, chini ya mzabibu.
Murmani yule kule ukutani,
utadhani kaja kusoma mita."
Mwaka ule waligombea miti minne ya jozi;
jozi yenyewe ikavunjika.
"Msogeze. Kidogo tu. Wagusane mabega."

Nikachukua kamba ya kuchagulia, nikamzungushia:
kofia, sikio, mkunjo wa kiwiko,
vidole, sigara, na moshi wake pia.
Nilipofunga duara, nukta zikaanza kutembea,
zikamzunguka kama siafu waliopata mzoga.
Hapana. Kama siafu waliopotea njia.

Nikambana, nikamvuta.
Alikuja bila kinyongo.
Miaka kumi na tisa mama amelia,
kasisi amekwenda, shangazi amepiga magoti,
hakusogea hata unyayo;
leo, kwa kipanya cha bei rahisi,
akateleza uani kama sabuni kwenye sinia.

Pale alipotoka pakabaki tundu jeupe:
kofia nyeupe, kiwiko cheupe,
moshi mweupe kuliko moshi.
Bi Zhuzhuna akageuza uso.
"Ziba," akasema. "Ziba upesi."

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Mimi niliujenga.
Nikaazima matofali ya kushoto, nikayapanga kulia,
nikayachafua moja moja
lisije tofali likafanana na pacha wake.
Nikaongeza ukoga. Nikaongeza mjusi.
Mjusi sikumwongeza: alikuwapo tangu zamani,
nikashtukia wamekuwa wawili, nikamfuta mmoja,
na sijui hadi leo kama nilimwacha yule wa kweli.

Ikafika saa kumi. Mabega yamegusana.
Lakini Murmani, hata hapo alipo, analitazama lango.
Nikamgeuza, kulia kuwe kushoto:
sasa anamtazama Otari, ila sigara imehamia mkono mwingine.
"Huyo si mwanangu," akasema mama. "Mwanangu ni wa shoto."
Nikamrudisha kwenye lango lake.

Ndipo tukakiona kivuli.
Nilikisahau. Kimelala juu ya mawe ya ua,
kirefu, cha jioni,
kimeanzia pasipo na miguu.
"Samahani, mama, dakika mbili tu..."
Akanishika kifundo cha mkono.
Vidole vyake baridi, vinanuka giligilani.
"Kiache. Hicho si kazi yako."

Akalipa kwa sarafu, akaziongezea mfuko wa jozi.
Nikamsikia akishuka ngazi, akipumzika, akishuka.

Nilipohifadhi, programu ikauliza
kama iyabane matabaka yote yawe moja,
yasitenganike tena.
Murmani alikuwa tabaka la pili,
anaelea juu ya nduguye kwa unene wa pumzi.
Nikajibu: hapana.