Kilo Tano na Nusu

Mizani ilikuwa yangu, ya kupimia unga wa keki.
Idwal aliihamishia gereji mwezi wa pili
ikarudi na alama ya kidole cha grisi juu ya sifuri.

Alipima nati. Alipima bawaba za milango,
kapeti, redio, kifuniko cha kisahani cha majivu,
na kilichozidi kikatoka,
hata nikaona haya kumaliza biskuti mbele yake.
Haba na haba hujaza kibaba, husemwa;
Idwal alikipindua kibaba, akakipigapiga kitako.

Gari lenyewe ni viti viwili na mwili wa fiberi,
rangi ya haradali iliyosahauliwa mezani.
Hukaa chini mno, kondoo wa Meirionnydd
hututazama machoni kama majirani.

Ikafika zamu ya tairi la akiba.
Lilikuwa gurudumu kamili, limejilaza butini
kama shemeji asiyeaga.
Alilikumbatia, akapanda nalo mizani ya bafuni,
akalitua, akapanda peke yake, akatoa:
kilo kumi na nne.

Jipya alilipata kwa Garmon, muuza vyuma chakavu wa Llanidloes,
limevuliwa gari dogo la Kiitaliano lililogongwa ubavuni.
Jembamba, fupi, na kibandiko cha manjano:
usizidi themanini.
Matundu manne, nafasi ileile, ila kitovu kilibana.
Jioni tatu nilisikia tupa kutoka jikoni.
Kisha kimya: alikuwa analizungusha kwa mkono
akisubiri rimu ilalamikie breki.
Haikulalamika.

Kilo nane na nusu! Alinibusu kwa pupa,
nikanuka mpira hadi Jumapili.
Akalipunguza na shimo la buti, kwa gundi na vipande vya fiberi,
likalikaa lile dogo kama kokwa ndani ya tunda.
Akiba haiozi, nikajisemea.
(Mpira huchakaa, lakini sikutaka kumwambia.)

Ijumaa ya mwezi wa nane, juu kabisa ya Bwlch y Groes,
jiwe. La nyuma, kushoto.

«Dogo halikai nyuma,» akasema, shavu lake juu ya lami.
Difu haitaki magurudumu mawili yasiyolingana kimo;
moja likimkimbilia mwenzake, itajitafuna.
Basi la mbele likaenda nyuma, dogo likaenda mbele,
jeki mara mbili, na mvua ile ile moja
ambayo haikukatika hata tulipobadilisha upande.

Likabaki lile bovu.
Kubwa, limelowa, limekaa barabarani.
Tukalitazama. Tukatazama shimo la buti.
Tukatazama kiti changu.

Sikuwahi kumwona Idwal akitafuta neno
na kulikosa katika lugha zake zote mbili.

Gereji ya Dolgellau hufunga saa kumi na moja.
Nikamwomba ufunguo.
«Kwa hesabu yako mwenyewe,» nikasema,
«wewe ni tisini na mbili, mimi sitini na moja.
Unataka kukibebesha nani hicho kigurudumu?»
Nikamwachia chupa ya chai na koti.
Gurudumu nililifunga mkanda.

Nilishuka kwa hamsini, usukani ukivuta kidogo kulia,
gari likichechemea kwa adabu.
Halafu kwenye kona ya tatu, pale ukuta wa mawe unapoisha,
likageuka kabla sijamaliza kutaka ligeuke.
Kama wazo tu.
Miaka kumi na tisa ya tupa na mizani
na hakuna aliyeniambia kuwa ni hili.

Tairi lilizibwa kwa dakika ishirini.
Nilimrudia, bila shaka nilimrudia.
Ila nilipitia njia ndefu.