Maji ya Vidole Vitatu

Harufu ilianza Januari, joto likiwa limekaa Tabata
kama mgeni asiyeaga.
Mama mkwe aliingia jikoni, akasimama, akanusa,
akaniangalia mimi.
Sinki hakuliangalia.

"Mwanangu," akasema, "dagaa wa juzi umewatupa wapi?"

Dagaa wa juzi tuliwala. Vichwa alikula paka wa jirani.
Nikasugua.
Nikamwaga magadi, nikamwaga siki,
nikakamulia humo ndimu nane za shilingi elfu,
nikafukiza udi mchana kweupe kama nyumba yenye maulidi.
Harufu ikapita katikati ya udi, imenyooka,
inajua njia.

Na kila Mwalimu Lihami wa ghorofa ya juu akivuta maji ya choo
sinki letu liliguguma, glu, glu, gluu,
kama mtu anayemeza neno.
Mimi nami nilikuwa nameza.
Wiki ya pili mawifi walihamishia sahani zao kwenye ngazi.
Wiki ya tatu nikasikia jina langu kwenye simu,
sauti imeshushwa,
mlango haujafungwa.

Akaja fundi. Si yule wa mwanzo;
yule wa mwanzo alifunga kwa mpira wa baiskeli,
akala wali wetu, akaenda zake.
Huyu ni Siwema, kasomea VETA Chang'ombe,
penseli kaichomeka kwenye mabutu.
Hakunusa. Hakuuliza habari za dagaa.
Alipiga magoti, akaingiza kichwa chini ya sinki
kati ya kapu la vitunguu na dumu la mafuta ya taa,
na kutoka humo sauti yake ikaomba kitu kimoja:
"Dada, nichomolee chelewa kwenye ufagio."

Akafungua kiko, akakitoa na maji yake
polepole, kwa mikono miwili, kama kitoto cha jana.
Akatumbukiza chelewa.
Ikatoka imelowa kiasi cha ukucha.

"Bomba hili lilipindwa kwa moto wa jiko," akasema,
"tena kwa uvivu. Ona lilivyoinama:
kama mtu anayemwamkia asiyempenda.
Humu maji hayapiti tu, mengine yanatakiwa yabaki.
Kazi yake ni kukaa.
Hewa ya chemba ikipanda iyakute yamelala mlangoni.
Sasa haya ya ukucha, choo cha juu kikivutwa yananyonywa,
na yanayosalia joto linayanywa."

"Basi weka kina!" Mama mkwe, kutoka mlangoni.
"Weka mkono mzima!"

"Hapana, bibi. Kina kikizidi, mafuta na punje za wali
zitatuama humo, zioze.
Utakuwa umechimba kaburi jikoni."

Akalaza vidole vitatu juu ya chelewa,
akaikata hapo kwa meno.
"Hivi. Vinne, ukiwa na wasiwasi."

Kijana akatumwa Gerezani, akarudi na kiko kipya cheupe.
Nje ya dirisha Siwema akapandisha bomba jembamba la kupumulia,
akamimina jagi moja la maji.
Kisha tukasubiri, wanawake watatu, tumetazama dari,
tukimwombea Mwalimu Lihami haja.

Akavuta.
Maji yakashuka ukutani kwa kishindo.
Sinki likanyamaza.

Mama mkwe hakuniomba radhi.
Alikaa kitambo, akarekebisha kanga,
akasema, "Kesho pika dagaa."

Kile kipande cha chelewa nimekiweka juu ya dirisha.
Siku nyingine, ulimi ukiwasha, nakichukua, nakipima:
ya kumeza ni haya,
yanayozidi hapa nitayasema.

Tukienda Korogwe wiki mbili, tukirudi,
hata viatu sijavua, namimina kikombe kimoja kwenye sinki.
Mama mkwe huja nyuma yangu, husimama, hunusa.
Siku hizi huliangalia sinki kwanza.