Feni Mpya

Miaka tisa kompyuta hii imekoroma
kama mashine ya kusaga ya Kiborloni.
Leo Elinami kaifungua, kapuliza vumbi,
kang'oa diski iliyokuwa ikikwaruza,
kaweka isiyozunguka, na feni pana, ya polepole.
"Washa."
Nikawasha. Nikadhani umeme umekatika.

Usiku nasafisha picha ya marehemu Ndekirwa,
ya kubandika msalabani keshokutwa.
Wanawe wameagiza: futa huo mkono begani kwake,
mwenyewe hatumtaki.

Juzi ningeufuta bila kuwaza,
ule mngurumo ukinifunika.
Sasa nasikia kipanya,
kila mbofyo,
na mbwa wa jirani, na pumzi yangu.

Vidole vinne vinaonekana.
Nimefuta kimoja.