Nyuzi Nne

Usiliguse donge la uzi
kwa mkono uliotoka kwenye kuku mbichi, Tima.
Kata kwanza. Vipande vinne, dhiraa moja moja,
viweke kwenye kisahani chao,
ndipo umshike kuku.
Donge hilo litafunga mengine kesho na keshokutwa;
uchafu wa leo usiusokote ndani yake.

Na uwe wa pamba, mweupe, usiotiwa rangi wala nta.
Nakwambia kwa sababu mwaka ule,
arusi ya Shee Bwanaheri,
nilichomoa uzi wa buluu kwenye gunia la mchele,
nikamfunga kuku mapaja, nikajisifu: fundo limekaza.
Kwenye makaa nailoni haikuwaka. Iliyeyuka,
ikaingia ngozini kama wino kwenye kanzu.
Sinia likashuka ngazi, likafika dakani,
na mjomba wa bwana arusi akatoa kinywani
kitu cha buluu, akakitazama,
akakiweka ukingoni mwa sahani bila neno.
Bila neno, Tima! Afadhali angenitukana.
Langoni nzima ilijua kabla kahawa haijaandaliwa.

Basi uroweke majini, moto usiule.
Funga, lakini kidole kipite:
wali na zabibu za tumboni vitafura,
na nyama iliyobanwa mno
hubaki mbichi pale pale ilipobanwa.
Mikia ya fundo ikate fupi.
Akiiva, mkasi safi,
si ule uliokatia shingo.

Halafu hesabu.
Nne zimeingia, nne zitoke.
Mimi huhesabu kwa sauti,
kama mwenye duka anayerudisha chenji.

Idi iliyopita nikapata tatu.
Nikamzuia Famau ngazini, sinia kichwani,
nikapekua mbavu, bawa, chini ya ngozi,
wageni huko chini wameanza kukohoa.
Tatu.
Nikapiga magoti, nikachungulia nyuma ya mbuzi ya nazi:
paka wetu wa chongo ameukalia,
ncha moja mdomoni, anatafuna
kwa ajili ya mafuta tu yaliyoushika.
Haukuwa umepita kooni. Nikauchukua.
Ungekuwa umepita nisingeuvuta,
maana utumbo hujikunja
kama kitambaa uzi wa mshono ukivutwa;
ningembeba vile vile hadi kwa daktari wa wanyama,
Idi au si Idi.

Kwa hiyo uchochoroni usizitupe.
Paka wa mji huu hawana pa kuhesabiwa.
Zikunje kwenye karatasi, tia ndani ya kopo, funika.

Chakula kilifika kimepoa kidogo.
Mjomba yule yule alikuwepo, mzee sasa.
Nilimwona kutoka juu:
akachukua kipande cha paja,
akakigeuza upande huu,
akakigeuza upande ule,
ndipo akasema bismillahi.